Swali Ambalo Muuguzi Hakuniuliza

Sikuwahi kuwa mlevi. Naanza na maneno hayo kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyokaribia kunizika. Walevi wameandikiwa mengi: mahubiri, nyimbo za shule, vibandiko vyenye picha ya mtu aliyelala mtaroni na kiatu kimoja. Hakuna aliyeniandikia mimi, mwenye chupa mbili za Jumamosi. Basi nawaandikia wenzangu wa chupa mbili, wa glasi moja, wa "kidogo tu ya kufungua kifua", sasa kwa kuwa vidonge vimekwisha na mizani imenirudishia kilo zangu.

Mimi ni mkuu wa shule ya msingi hapa Kamina. Nililelewa katika familia ya misheni, ambamo pombe haikutajwa mezani ila pamoja na dhambi. Nimesoma vitabu vingi kuliko mshahara wangu ulivyoruhusu, na nimepanda mimbarini mara nyingi kuhubiri juu ya ulevi. Nilihubiri vizuri. Kila Jumamosi niliendesha baiskeli hadi Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, kuwafundisha Kifaransa watoto wa askari. Baada ya somo niliingia uani kwa Mama Béa, mke wa sajini aliyetoka mbali, ambaye huuza bia. Yeye hakuniletea glasi. Aliimimina bia katika birika la chai, akaniletea na kikombe cha bati juu ya kisahani, nami nikanywa kitabu kikiwa mkononi. Zilikuwa chupa mbili kubwa, si zaidi. Na wakati wa baridi, kidole kimoja cha lutuku, ile pombe kali inayolaaniwa na kila mhubiri wa mji huu. Kisha nilitafuna karanga, nikarudi nyumbani. Kwa miaka tisa sikuwahi kuyumba juu ya baiskeli.

Pale uani niliwaona askari wakilewa, nikawahurumia. Sasa najua kwamba nilikuwa nikiwatumia. Mnywaji wa kiasi humhitaji mlevi: humtazama, hupima umbali uliopo kati yao, na umbali huo huuita wema.

Kikohozi kilianza mwanzoni mwa kiangazi, majuma yale ambayo nyasi huchomwa kuuzunguka mji na kila kifua kinalalamika. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Niliposhindwa kusoma ukurasa mmoja darasani bila kushika ubao, na mkanda wangu ulipohitaji tundu jipya, mke wangu Numbi alinichukua kwa mkono kama mtoto, akanipeleka kituo cha afya. Numbi ni binti wa wavuvi wa Mulongo, kule kwenye mabwawa ya Lualaba. Kwa kuwa mzaliwa wetu wa kwanza anaitwa Banza, yeye huniita Baba Banza.

Tulingoja juu ya benchi tangu asubuhi. Ubavuni mwangu mtu aliinua kikopo chake cha makohozi na kukichungulia kama muuza asali. Tulipoingia, tulimkuta muuguzi Umba, ambaye Jumapili huongoza kwaya yetu. Alijaza fomu kwa furaha, kana kwamba heshima yangu ilikuwa mapambo ya chumba chake.

"Tumbaku, Direkta?"

"Hapana."

Akafika mstari wa pombe, akacheka, akaweka kalamu chini.

"Ile ingine, siwezi kukuuliza weye. Mungu mwenyewe atanicheka!"

Akaichukua kalamu na kuandika "hapana" kwa mkono wake. Numbi aliitazama mikono yake mwenyewe. Mimi nilicheka pamoja na Umba. Ningeweza kusema neno moja, na mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa watu watatu tu. Nilicheka.

Ilikuwa kifua kikuu. Umba alinieleza jinsi ya kumeza vidonge kila asubuhi mbele yake, kwa miezi sita. "Benye kukunywa pombe," akaongeza, "tunabakataza mpaka dawa iishe, juu ya maini. Lakini ile haikuangalie weye. Weye kula muzuri, lala muzuri."

Mkojo wangu ukawa na rangi ya mawese yaliyochujwa. Viungo viliuma kama vya mtu aliyelima. Lakini kikohozi kilipungua, na kufikia juma la nne nilikuwa nimerudi kwenye baiskeli. Mtaniuliza: ulikwenda tena kwa Mama Béa? Nilikwenda. Nilijiambia kwamba onyo la Umba liliwahusu wanywaji, na Umba mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mimi si mnywaji. Ndivyo akili iliyosoma inavyoweza kufanya kazi. Mtu asiye na shule angeogopa tu, akaacha.

Asubuhi, kwenye benchi la vidonge, wenzangu walizungumza bila haya. Karani mmoja wa reli alisema amepunguza bia kwa sababu suruali zake zote zilimkataa, na fundi cherehani wake alianza kumwita "Mama mwenye mimba". Mwanamke muuza mkaa alisema kikombe kimoja cha jioni kilimwibia usingizi wa alfajiri, na alfajiri ndiyo biashara yake. Wa mwisho kusema alikuwa askari mmoja:

"Minyi, ni mutoto yangu. Siku moja namukuta na chupa ya maji, anatembea vile," akainuka, akayumba kidogo, akashika ukuta. "Namuuliza, unafanya nini? Anasema, niko papa, niko weye. Na minyi sikulewaka hata siku moja! Ni mbili tu, tatu tu!"

Watu wakacheka hadi kukohoa. "Na sasa?" akauliza karani.

"Sasa nakunywa moja, na nakaa chini mpaka iishe mu miguu."

Nilisikiliza kwa uvumilivu wa mwalimu anayesikiliza makosa. Suruali, usingizi, mtoto: niliziona sababu ndogo za watu wadogo. Sikujua kwamba hakuna sababu nyingine duniani. Sisi wa kiasi hatupigwi na radi. Tunaguswa begani tu, na aliyesoma sana huudhika kuguswa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza lile swali. Alikuwa muuza bia.

"Direkta," alisema Mama Béa akiwa bado na birika mkononi, "weye uko nakunywa dawa? Jasho yako inanuka dawa. Mume yangu alimezaka ile, docteur alimukataza bia. Alilia kama mutoto, lakini aliacha."

"Ni kidogo tu, Mama Béa."

"Kidogo iko kidogo ku kikombe. Ndani ya tumbo, nani anapima?" Akacheka, akaniwekea birika. Alikuwa na biashara, nami nilikuwa na heshima; tukaachana salama.

Mwishoni mwa kiangazi, joto lilipokuwa linasubiri mvua, chakula kilianza kunichukiza. Harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilinifanya nitoke nje. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikuna kwa kigunzi cha hindi. Asubuhi moja Numbi aliniita mlangoni: "Kuya hapa, ku mwangaza." Akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, akaliachia. Jicho lilikuwa la njano. Alikwenda kufunga vyombo vya kupikia hospitalini, kwa sababu huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake: ndugu mmoja hulala chini ya kitanda chake na kumpikia uani.

Hospitalini daktari, kijana aliyetoka Lubumbashi, alisimamisha dawa zote. Ini lilikuwa limechoka. Aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa dawa za mizizi. Nilijibu hapana, na jibu lilikuwa kweli; nikafurahia ukweli wake mdogo.

Siku ya tatu, pamoja na dada yetu, alikuja kaka yangu Kasongo, mstaafu wa reli, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki. Alisimama miguuni mwa kitanda, akaniona nilivyokuwa wa njano, na nilimwona akiogopa. Woga wa Kasongo siku zote hutafuta mtu wa kumkalia.

"Nani anakupikia?"

"Ni minyi, Yaya," akajibu Numbi, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Na samaki unapikaka, inatoka wapi?"

"Ku Mulongo, kwetu. Mama alituma na muntu wa treni."

"Njo vile," akasema Kasongo, akawageukia dada yetu na wagonjwa wengine, kana kwamba wodi nzima ilikuwa baraza. "Minyi sisemi kitu. Nauliza tu samaki inatoka wapi."

"Yaya, ile samaki tulikula shiye bote. Batoto bako wazima. Minyi niko muzima."

"Sumu inajua jina ya mwenye ilitumiwa."

 Numbi alinigeukia. Hakulia. "Baba Banza," akasema, "sema."

Alikuwa amejua. Ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alielewe kabla sijaendelea. Mwanamke aliyefua mashati yangu ya Jumamosi kwa miaka tisa hakuhitaji pua ya mbwa kujua karanga zilificha nini. Alijua siku ile Umba alipocheka. Na sasa, mbele ya Kasongo, alikuwa na maneno mawili ya kujiokoa: *huyu anakunywa*. Hakuyasema, kwa kuwa yangeangusha jina langu, na jina langu alikuwa amelitunza kama mtu anavyotunza sahani ya mgeni. Aliniachia mimi niyaseme.

Nilifumba macho, nikajifanya nimesinzia.

Kasongo aliamuru chakula changu kitoke kwa dada yetu. Siku tano Numbi alipika uani juu ya mbabula yake, jiko la mkaa, akaleta sufuria hadi mlangoni, akarudishwa nayo ikiwa imejaa. Akina mama wa kanisa waliokuja kuniombea walipita karibu yake bila salamu. Mwanamke mmoja aliyemwuguza mumewe kitanda cha pili, mgeni asiyejua habari zetu, ndiye pekee aliyekula naye. Jioni alinipa pia uji mwepesi wa karanga katika kikombe chake, nami nikaweza kuuzuia tumboni. Ni neema ambayo bado naiona kubwa kuliko mimi. Siku ya sita Kasongo alimwambia mke wangu aende kwao, mpaka ukweli ujulikane. Wenye ukweli tulikuwa wawili.

Alikuja kuniaga akiwa amejifunga kitenge cha safari. Ni treni hadi Bukama, kisha mtumbwi, siku kadhaa mtoni.

"Ile mafuta ya kupakaa ku ngozi iko chini ya muto," alisema. "Usijikune na kucha."

"Safiri salama," nikamwambia.

Niliyasema hayo. Katika vitabu vyangu vyote sikupata maneno mengine.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati ya wodi juma lililofuata. Njano ilikuwa inapungua, na daktari alikuja kukaa kitandani pangu. Alieleza kwamba kifua kikuu hakitangoja. Ilibidi turudishe dawa moja baada ya nyingine, tukilichunga ini. "Papa," alisema, "kama kuko kitu sijue, uniambie leo. Mara ya pili, ini haitavumilia."

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa kuwa kila mahali pengine nilichelewa. Sikukiri kwa ajili ya Numbi. Nilikiri kwa kuogopa kufa.

"Bia," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbili. Kila Jumamosi."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Na lutuku?"

Nilitazama mvua. "Kidole kimoja. Viwili, wakati wa kikohozi."

Aliandika bila kuinua kichwa. Baadaye akasema hawezi kuapa kwamba ni bia. Dawa zile huweza kumfanyia hivyo hata asiyeonja pombe. "Lakini kama tulijua, tungekukataza, na tungepima damu yako mapema." Basi sijui, na sitajua kamwe, kama chupa zangu ndizo zilizoniangusha. Najua tu kwamba zilinizibia msaada, na kwamba mwingine alizilipia.

Jioni hiyo nilimweleza Kasongo. Nilitazamia hasira, nikapewa kicheko.

"Bia mbili! Minyi nakunywa tatu kila siku ya Mungu, na niko hapa, meno yote! Bia mbili haiue muntu. Unataka tu kufichia ule mwanamuke."

"Ni kweli, Yaya."

"Kweli gani? Kama bia mbili inaua, Kamina yote iko mu kaburi."

Nilielewa hapo kuwa nimechelewa kwa namna ambayo toba haiwezi kuifikia. Ukweli ambao ungemwokoa Numbi ulimtaka Kasongo aitilie shaka chupa yake mwenyewe, na ilikuwa rahisi zaidi kwake kuamini mke ni mwuaji. Sikuweza kumhukumu. Nilikuwa nimefanya hesabu ileile pale kitandani, macho yakiwa yamefumbwa.

Dawa zilirudi moja moja. Baada ya kila kidonge kipya nilitazama macho yangu katika kioo cha kunyolea, asubuhi na jioni. Wakati wa kupanda mahindi nilitoka hospitali. Wakati wa viwavi, watoto walipokuwa wakiviokota vichakani na mji mzima ukinuka kukaanga, niliweza tena kula. Mahindi mabichi yalinikuta na vidonge vya mwisho. Nyumba ilikuwa safi na bila sauti, watoto wakiwa kwa dada yangu, ambaye alileta chakula, akaondoka. Nilimtumia Numbi ujumbe kwa watu wa mitumbwi. Hakujibu.

Siku vidonge vilipokwisha, hofu yangu nayo iliisha. Nawaonya juu ya hilo, nyinyi mnaotegemea woga wa daktari: woga una tarehe ya mwisho kama dawa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Base, nikafundisha, nikaingia uani. Mama Béa akaja na birika.

"Nipe kwenye glasi," nikamwambia.

"Glasi? Leo iko fête, sikukuu ya nini?" Akaguna, lakini akaileta, akamimina, akaiweka juu ya meza mbele ya askari na wazazi wa wanafunzi wangu. Bia ilikuwa nzuri kuitazama. Niliitazama mpaka povu lake likafa. Sikuweza kuinua kile ambacho kwa miaka tisa niliweza kukinywa pale tu kilipojiita chai. Nililipa, nikaondoka. "Direkta, unaharibu kitu ya Mungu!" alinipigia kelele, na watu wakacheka. Sijarudi.

Mvua zilipokatika nilikwenda Mulongo. Sitasimulia safari. Numbi alinipokea mbele ya kaka zake, akanipa kiti, akasimama. Nilisema yote: birika, kikombe, Umba, kitanda. Kaka zake walitazama chini. Yeye alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja mudomo yako."

"Nisamehe."

"Hapa, nani alinisingizia? Hakuna. Unakuya kusemea kwa benye hawaulize." Akakunja kanga yake mkononi, akaikunjua. "Utasema kule, mu kanisa, kwa bale bamama. Na minyi nitakuwa nakaa pale. Nataka kuangalia macho yabo."

Tukasafiri pamoja kupanda mto, kisha treni, tukizungumza habari za watoto tu.

Jumapili iliyofuata Numbi aliketi benchi la mbele, mahali ambapo wake wa wazee huketi, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilipopewa nafasi ya kutoa shukrani kwa uponyaji, nilisimama, nikataja idadi. Chupa mbili kubwa. Kidole cha lutuku. Miaka tisa. Nikasema kwamba mke wangu alifahamu na aliweza kujitetea kwa kuniaibisha, lakini hakufanya hivyo. Na kwamba mimi niliyeweza kumtetea nilijifanya nimelala. Umba alikuwa mbele ya kwaya, mkono wake umeinuliwa tayari kwa wimbo, akausahau hewani. Kasongo aliinuka, akatoka kwa mlango wa kando. Kulikuwa na wanaume saba au wanane waliotazama viatu vyao kwa makini mno. Nawajua, nao wananijua, na kwa ajili yao nimeandika haya. Jina langu limeondolewa katika orodha ya wahubiri. Ni haki.

Numbi hakugeuka kunitazama. Aliketi upande upande, akawaelekea wale akina mama, akapitisha macho yake juu ya kila mmoja, bila haraka, safu kwa safu, mpaka wa mwisho akainamisha kichwa.

Tulitoka pamoja juani. Baadhi yao walimjia wakiwa wamenyoosha mikono. Aliipokea mikono miwili, mingine akaipita. Barabarani nilimwuliza, kwa sauti ya chini, kama sasa amenisamehe.

"Nilisikia mudomo yako," akasema.

 Alikaza kitenge chake kiunoni, akatembea mbele yangu hadi nyumbani.